Mfalme wa Panga Kwenye Mahari ya Shekinah

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Siku kubwa! Mkuu wa zamu ameniambia nisafishe droo ya vitu vilivyosahauliwa pale mapokezi, kwenye ofisi ninayolinda. Miavuli saba, glavu za mkono mmoja mmoja, na boksi la karata za kutabiria, za tarot, pamoja na kijitabu chake cha Kifaransa. Alisema vyote nivitupe. Nimetupa miavuli.

Kwenye metro ya hapa Brussels, kutoka kituo cha Schuman, nimefumba macho nikachomoa karata moja. Mfalme wa Panga! Kijitabu kinasema watu wa zamani waliisoma hivi: hakimu, mwanasheria, mshauri, mwenye amri. Nimesoma mara tatu, nikapitiliza kituo. Ni mimi mtupu. Hata pua ni yangu.

Na imekuja wakati wake. Tarehe 14 familia ya Joël inaleta mahari ya mchumba wake Shekinah, binti wa marehemu mdogo wangu. Lazima familia yetu iwe na msemaji. Nilimwahidi marehemu, akiwa kitandani hospitalini, kwamba siku hiyo nitasema mimi. Lakini Mwenze, mjomba wa Shekinah upande wa mama, naye anautaka usemaji. Ana sauti nzuri. Hana kingine.

Jumatano, 4 Novemba

Kijitabu kinasema Mfalme wa Panga ni mkali. Nimeanza ukali kazini. Bwana mmoja amefika bila kadi ya kuingilia. Nikamwambia sheria ni sheria. Akasema yeye ndiye mkurugenzi. Nikamwambia hata wakurugenzi wana sheria. Amesimama kwenye mvua dakika ishirini, mpaka katibu wake akashuka kumchukua.

Mchana nimehamishiwa kwenye maegesho ya magari, ghorofa ya tatu chini ya ardhi. Ghorofa nzima, mimi peke yangu! Yolande, mke wangu, ameuliza kwa nini nanuka moshi. Mwenye cheo hajielezi.

Jumapili, 8 Novemba

Kikao cha familia, sebuleni kwetu, mtaa wa Forest. Nimevaa koti la kijivu, karata mfukoni upande wa moyo. Nimewaeleza kwa nini msemaji ni mimi: umri, damu, kimo. Karata sikuitaja. Hawa ni watu wa maombi, wangesema bulozi, uchawi, kabla sijamaliza sentensi.

Wakapiga kura. Mwenze kumi na moja, mimi mbili. Moja ni yangu. Nyingine sijui ni ya nani. Yolande amesema si yake.

Shekinah alinifuata jikoni. “Papa Constant, usikasirike,” akasema. “Weye unapenda kusema sana, na papa wa Joël iko pasteur, donc...” Hakumaliza. Nikamwambia sijakasirika. Nimeumia, lakini hilo naliandika hapa tu. Ni mimi niliyemfundisha baiskeli, nikikimbia nyuma yake na viatu vya kazi. Kwa baiskeli nilitosha, kwa usemaji sitoshi?

Nimepewa jukumu la kuwapigia watu simu kuwaambia saa. Wamenidharau vibaya.

Jumatano, 11 Novemba

Ugunduzi! Kijitabu kina maana nyingine, karata ikitoka kichwa chini: mtu katili, mwenye nia mbaya, anayeshindwa kesi. Hapo ndipo nilipokuwa sielewi. Karata ni moja, wanaume ni wawili. Iliyosimama wima ni mimi. Ya kichwa chini ni Mwenze. Hawa wazee waliotunga maana hizi walikuwa na akili!

Basi nikaanza kupiga simu. Wote nimewaambia quatorze heures, saa nane mchana. Mwenze nimemwambia seize heures, saa kumi. Alinishukuru sana, akanibariki mimi na nyumba yangu. Leo nitalala usingizi mzuri ajabu.

Jumamosi, 14 Novemba

Ukumbi umejaa. Saa nane na dakika kumi, Mwenze hayupo. Watu wanatazamana. Nikainuka taratibu, nikafunga kifungo cha koti.

Nilisema vizuri! Kwa desturi yetu upande wa binti huwatoza wageni faini, basi nikawatoza. Faini ya kuchelewa dakika kumi. Faini ya kukaa kabla hawajakaribishwa. Faini ya Joël kucheka. Ukumbi ulipiga makofi. Hata Yolande alipiga, nilimwona.

Nikachomoa leso nifute jasho. Karata ikachomoka nayo, ikaanguka miguuni pa mchungaji, baba yake Joël.

“Papa, hii iko nini?” akauliza.

Ningeweza kusema ni picha ya mtoto. Lakini nilikuwa nimeshapata moto wa kusema, nikamweleza yote. Hakimu, sheria, mshauri. Halafu, ili asibaki na shaka, nikaeleza na maana ya kichwa chini. Akauliza huyo wa kichwa chini ni nani. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, Mwenze akaingia. Alikuwa amewahi ili apange viti! Kidole changu kilimwelekea chenyewe.

Mchungaji akavaa koti. Akasema mwanawe hataoa kwenye familia ya bulozi, na watu wake wote wakainuka. Nyuma ya pazia, alikofichwa kwa desturi, Shekinah akaanza kulia. Nikamsikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenze akapiga magoti, na suti yake mpya. Akasema kosa limetokea kwetu, na desturi ina dawa: “Papa, mutupige amende siye.” Ukumbi ukaguna. Upande wa binti haulipi faini! Mchungaji akafikiri. Kisha akavua koti, akakaa. Mbuzi mmoja, makreti mawili ya soda, vyote kutoka kwangu, na karata nichane mbele ya watu. Nikachana. Shekinah akatoka, macho mekundu, mahari ikapokelewa. Mwenze akasema mpaka mwisho.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimeuliza watu kumi hapa Brussels. Hakuna aliyewahi kuona upande wa binti ukitozwa faini. Hakuna! Mimi ndiye wa kwanza. Mwenze na sauti yake hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote.

Shekinah amepiga simu. Harusi ya kanisani ni mwezi wa tano, na ameniwekea kiti safu ya mbele, mahali pa baba yake. Lakini nikae tu. “Nakupenda, papa, lakini ukae. Ukae tu, na usiseme.” Nikamwambia nimesikia. Baada ya kukata simu nililia kidogo, si sana.

Yolande ametupa boksi la karata kwenye takataka za jengo. Sawa. Nilikuwa nimeshatoa moja pamoja na kijitabu. Mfalme wa Vikombe. Mtu mkarimu, mwenye haki, na tena, ukurasa wa thelathini na moja, mtu wa dini! Wa dini! Kwa harusi ya kanisani ungetaka nani mwingine?

Inaenea vizuri ndani ya soksi, haiwezi kuanguka. Hotuba yangu imefika ukurasa wa nane, na bwana harusi bado sijamtaja.