Vidole vya Shangazi Shufaa

Jumatatu, 1 Septemba
Kundi letu la Telegram limefungwa! Mwenye kundi kakamatwa Dar. Wateja wangu wote wamepotea. Mimi huku Kibiti nasajili laini za simu tu kwa vidole vya watu, nauza. Wanaozitumia kutapeli ni wao. Nimefungua kundi jipya: Mapishi ya Pwani. Nani atashuku pilau?

Jumanne, 2 Septemba
Kundi limejaa akina mama wanaouliza tui zito linatiwa lini. Nimewajibu. Wateja halisi wawili, wanataka laini haraka. Nimekwenda Mchukwi na mashine ya kusoma vidole. Kila mtu namwambia haijasoma, bonyeza tena. Shangazi Shufaa kabonyeza mara nne, akaniombea dua kwa uvumilivu wangu. Moja ni laini yake, tatu zenye jina lake nimewauzia wale wawili jioni.

Alhamisi, 4 Septemba
Badru, wakala mwenzangu, kafungua Mapishi ya Pwani Halisi. Mwizi! Anawaambia wateja wangu kuwa mimi ni polisi. Nikawaambia polisi ni yeye. Wametukimbia wote wawili.

Jumamosi, 6 Septemba
Polisi wamemchukua Shangazi. Mjane wa Ikwiriri katapeliwa kwa laini yenye jina la Shangazi. Yuko kituoni, anawauliza askari Telegram ni kitu gani. Binti yake, Yasmini, kaja kwangu.
“Kaka Nasor, mama alibonyeza mara ngapi?”
Nikasema sikumbuki. Akaenda kumpelekea mama yake kanga ya kubadilisha.

Jumapili, 7 Septemba
Nimepanda boti hadi Salale. Mtandao unashika sehemu moja tu, wavuvi wanapochambua kamba. Nimesimama hapo, ukaingia ujumbe wa Yasmini: mama anasema usihangaike sana, mwanangu; aliyefanya haya Mungu atamfichua. Anadhani nimeondoka kumtafutia msaada. Nimelia mbele ya wachambua kamba. Wamenipa maji, wakadhani nimefiwa. Nikaanza kuandika, ni mimi. Nikafuta.

Jumatano, 10 Septemba
Shangazi katoka kwa dhamana. Miguu imevimba, kesi bado ipo. Sijala tangu asubuhi. Nimetawadha, nikaswali, nikatubu kwa dhati. Naapa sitagusa tena kidole cha ndugu yangu.
Na hapa Salale, alhamdulillahi, sina ndugu hata mmoja. Kesho asubuhi naanza usajili.