Barabara Isiyokuwepo Inayopita Jikoni Kwangu

Ole, Pemba
14 Oktoba 2018

Kwa Mratibu wa Wajitolea,
Mradi wa Ramani za Kale za Barabara Mtandaoni,
Chake Chake.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA BARABARA JIKONI

Ndugu Mratibu,

Assalaam alaykum. Kwanza ieleweke kwamba barua hii naiandika kwa Mratibu, si kwa Asya, mwana wa kaka yangu, ambaye likizo zote za skuli alikuwa akilala na kula kwangu, na ambaye nilimfundisha mimi kusoma ramani alipokuwa darasa la sita. Huyo Asya nitamwandikia barua yake mbali, nayo itakuwa fupi. Hii ni ya kiofisi, ndiyo maana nimeinunulia bahasha.

Mimi ni Mwanamize Safari, mjane, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nilipata habari kwamba wewe na wajitolea wako mnakusanya ramani za zamani za barabara zilizokuwa zikiliwa na mchwa kwenye makabati ya watu, mnazipiga picha, mnazisafisha, kisha mnaziweka mtandaoni ulimwengu mzima uzione bure. Nikasema hii ndiyo kazi. Nikaitangaza harusini, nikaitangaza matangani, mpaka watu wakaanza kunikimbia. Furaha hiyo ilidumu hadi Jumanne ya wiki mbili zilizopita, mlipoweka ramani ya mwaka hamsini na sita.

Kwenye ramani hiyo umo mstari mwekundu unaotoka njia kuu ya Ole na kuteremka bondeni. Wajitolea wako wakaulaza juu ya picha ya leo iliyopigwa kutoka angani, kwa hiyo mtu akitembea na simu yake huona nukta ya buluu inakwenda juu ya mstari. Mstari huo, Ndugu Mratibu, unaingia uani kwangu kwa mlango wa kuku, unapita baina ya mafiga na mbuzi ya kukunia nazi, unaukata uwanja wangu wa kuanikia karafuu, kisha unakwenda zake bondeni kwa raha.

Msimamo wangu ni mmoja na sitaubadilisha: pale hapajapata kuwa na barabara. Nimezaliwa Ole miaka sabini iliyopita. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Ingekuwepo ningeijua. Marehemu mume wangu alijenga jiko lile mwaka themanini na nne juu ya ardhi tupu. Ilikuwa ngumu kidogo, iliyonyooka, yenye mawe mawe pembeni, lakini tupu. Na hapo ndipo ninapopika na ndipo ninapoanika. Shamba langu lote lililobaki ni mteremko, hata kuku hutembea upande upande. Nikipoteza pale, sina pengine. Sasa naomba nikuorodheshee madhara.

1. Watu wameacha kupiga hodi. Jirani yangu Turki, ambaye mikarafuu yake iko bondeni, kwa miaka ishirini alikuwa akizunguka na honda yake nyuma ya kisima kwa adabu kabisa, na akipita karibu husema hodi hodi Bi Mize, nami humkaribisha, naye hukataa, tukaishi kwa amani. Sasa anakatisha moja kwa moja. Nilipomuuliza imekuwaje, aliniamkia vizuri, akaniuliza hali, akaniuliza magoti, kisha akanionesha simu na kusema kwamba tangu kuumbwa dunia hajasikia barabara ikipigiwa hodi.

2. Uani ni mahali pa wanawake, Mratibu unalijua hilo. Ni mahali mtu anafunga kanga moja, anatia mkono kwenye samli, anaimba vibaya bila kusikiwa. Mimi sasa napika kwa ushungi na baibui kama niko sokoni Chake. Juzi nilikaanga samaki huku nimejitanda, upande mmoja wa baibui ukaungua. Nauhifadhi kama ushahidi.

3. Lalamiko hili ndilo linalonikosesha usingizi. Wewe ni Mpemba, huna haja ya kufundishwa kwamba karafuu huanikwa barabarani. Ukienda popote wakati wa mavuno, lami yote imetandikwa majamvi, magari yanapita pembeni kwa heshima. Sasa bibi mmoja wa jirani, Mgeni, mwenye muhogo mzuri na ulimi mzuri zaidi, alikuja Jumatano akasimama akautazama uwanja wangu. Akasema: kwani Bi Mize unaanika wapi siku zote? Nikamjibu, hapa. Akauliza, na watu wa Pemba huanika wapi? Niliuona mtego, ila nilikuwa nishauingiza mguu mmoja. Basi akasema bibi yule, mbele ya watu, kwamba kama pangekuwa si barabara nisingeanika, na kama ni barabara basi ni ya sote. Akatandika jamvi lake pembeni ya langu. Mpaka Ijumaa palikuwa na majamvi kumi na saba. Nachambua karafuu zangu kutoka kwenye makonyo nimebanwa katikati kama abiria, na la kukera zaidi, mazungumzo ni mazuri, najikuta nacheka wakati nimekasirika.

4. Lalamiko hili nimelifuta mwenyewe. Lilimhusu mama mkwe wa Turki na halikuwa na uhusiano na ramani.

5. Unaijua hali yetu hapa tangu vyama vingi. Watu wa baraza ya juu na watu wa baraza ya chini hawajakubaliana jambo lolote tangu mwaka tisini na tano. Walikuwepo wasiozikana. Walikuwepo waliotoleana talaka kwa sababu ya bendera. Mwaka juzi walishindwa kukubaliana kisima kichimbwe wapi, na mpaka leo tunakunywa cha zamani. Ijumaa baada ya sala walikutana wote uani kwangu, juu na chini, wakaitazama simu moja kichwa kwa kichwa, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba barabara inapita jikoni kwa Bi Mize. Hapakupigwa kura. Hakuna aliyesema kaibiwa. Sheha alitokwa na machozi, akasema hajawahi kuona siku kama ile katika utumishi wake. Kisha wakaomba maji ya kunywa, wakayanywa kwa kata moja. Mimi naupenda umoja, Ndugu Mratibu, nimeuombea sana. Nilidhani ungeanzia mahali pengine.

6. Mmeruhusu kila mtu mwenye simu kuandika anachokijua chini ya ramani. Nalalamikia hili kwa nguvu zote. Hind, shangazi yake Turki aliyehamia Maskati zamani, ameandika kwamba anaikumbuka barabara hii vizuri, walivyokuwa wakipanda juu ya magunia kwenye gari la karafuu na harufu ikiwalevya. Watu mia mbili na kumi wamemwekea mioyo myekundu. Hind nilisoma naye chuo cha Kurani. Alikuwa hawezi kukumbuka juzuu moja hadi Alhamisi, leo anakumbuka kona. Ameongeza kwamba kando ya barabara alikuwa akikaa mtoto mmoja mkali anaitwa Mize, akiuza maembe na kuwarushia kokwa wasionunua. Wapo wanaosema Mize huyo ni mimi. Kina Mize Pemba hawana idadi.

7. Jumamosi ulipita msafara wa harusi. Bi harusi alitoka Pujini, akaletwa kwa mumewe bondeni, na dereva wao alikuwa na ramani yenu. Gari ya kwanza ilikwama kwenye mlango wa kuku. Ungefanyaje wewe? Bi harusi hafukuzwi. Niliung'oa mlango, nikapiga vigelegele, nikawafukizia udi, nikawapa bakuli la kaimati nililokuwa nimejifichia. Wameniahidi kunirejeshea bakuli. Mtu wa kawaida hualikwa harusini, Mratibu. Mimi harusi iliniingilia.

8. Mwisho na kubwa. Jana Mwalimu Hamzah, ambaye ni mjitolea wako na nilimfundisha mimi kutofautisha kaskazini na kusini kwa shida kubwa, aliitembea barabara yote akiweka alama. Palipoanguka mti akaweka pembetatu nyekundu, akaandika kizuizi. Palipobomoka akaweka pembetatu, kizuizi. Alipofika kwangu akanisalimia kwa heshima zote, akanywa chai, akaweka pembetatu. Nimeiona kwa macho yangu: Kizuizi, jiko, na ndani yake bibi. Katika umri wangu nimekuwa binti, mke, mama, mwalimu, mjane na mwenyekiti wa kikundi cha akiba. Kuwa kizuizi sijapata kuwa, isipokuwa kwa wakaguzi wa elimu.

Kwa sababu hizo, naomba mojawapo ya haya:

(a) Ramani iondolewe mtandaoni, irejeshwe kabatini ilikotoka, na mchwa waombwe radhi na waendelee pale walipofika.

(b) Kama (a) ni nzito, mstari usogezwe milimita mbili upande wa mashariki. Ni milimita mbili tu kwenye karatasi. Kwa skeli ya ramani yenu ni mita mia, yaani sebuleni kwa Turki, na ana sebule kubwa.

(c) Kama na hilo haliwezekani, nyumba yangu iandikwe kuwa ni kipilefti, ili kwa mujibu wa sheria za usalama barabarani kila mtu aizunguke, akianzia kushoto, na atoe salamu.

Nasisitiza tena kwamba sina ugomvi na historia. Nimekula mkate kwa historia na kwa jiografia. Lakini historia nayo iwe na haya, ipite nyuma ya nyumba kama wageni wengine. Barabara haikuwepo, haipo, na kila anayesema ilikuwepo alete shahidi mwenye umri wangu, asiyekaa Maskati.

Naikabidhi barua hii mikononi mwako nikiwa na imani kwamba ofisi yako itanitendea haki kabla karafuu hazijaisha mtini. Nisalimie wajitolea wote, hata Hamzah. Msalimie mama yako na umwambie mguu wangu haujambo. Msalimie mumeo Hafidh, watoto, na yule jirani yenu mwenye pweza mzuri, na watu wote wa mtaa wenu wanaonijua na wasionijua.

Ni mimi, mwenye jiko,
Mwalimu Mwanamize Safari Hamad (mstaafu)

Tanbihi: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Nimeitazama ile ramani kwa utulivu, kwenye simu ya Mgeni kwa sababu yangu haikuzi picha vizuri, na ndani yake mna kosa. Mimi sijaweza maisha yangu kuliona kosa nikalipita. Pale bondeni, barabara inapokutana na kijito, pameachwa peupe, kana kwamba magari yalikuwa yakiogelea. Palikuwa na daraja. Ni daraja la mawe na chokaa, la matao mawili, lililojengwa mwaka hamsini na nne na watu kumi na mmoja wa Ole, na nyapara wao alikuwa baba yangu, babu yako, ambaye wewe hukuwahi kumwona. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Kila mchana niliwapelekea muhogo wa kuchemsha kwa barabara hiyohiyo, na jua likiwaka ilikuwa inachoma nyayo mpaka nikimbie. Baba alikuwa akiniona kwa mbali anaacha kazi, anakuja kunipokea kapu.

Kwenye pembe ya ramani limeandikwa jina la Mzungu aliyeichora, na la aliyeikagua, na la aliyeipiga chapa. La baba halimo. Alishughulikia barabara za kisiwa hiki miaka ishirini na mbili, na jina lake mimi sijapata kuliona limeandikwa popote isipokuwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Sasa mmesema kila anayejua kitu aandike, nami najua: andikeni hapo Daraja la Safari Hamad. Leo asubuhi nimewaita Turki na Mgeni na mapanga yao tukafyeka magugu yote ya kijitoni. Tao moja limeanguka, la pili limesimama vilevile alivyoliacha. Njoo na kamera, Asya, njoo na wajitolea wako wote, mteremke kwa hapa kwangu, ndiyo barabara yenyewe. Jiko nitalihamisha karafuu zikishakauka.