Miguu Bila Uso

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Kazi! Mi Chabani, fundi foto wa kwanza wa mutaa wa Jabe, nimepata kazi tena. Waliosema studio yangu imekufa waje wasome hapa. Lakini sitawaonyesha. Niliacha shule darasa la tatu, walimu hawakuwa tena na cha kunifunza, kwa hiyo naandika ninavyotaka.

Ilikuwa hivi. Nimekaa kwa kiti cha wateja, napangusa pazia langu la nyuma, lile lenye ziwa na bata weupe. Madamu Amélie akapita, akasimama mulangoni. Akauliza kama mi ndiye nilimupiga foto ya komunyo yake ya kwanza kanisani. Nikasema foto nzuri zote za muji huu ni zangu. Akauliza nani ananisaidia siku hizi. Nikasema peke yangu, ndivyo napenda. Akauliza wateja wanakuja? Nikasema leo wamechelewa kidogo.

Akatazama ukutani foto ya harusi yetu mi na marehemu Zubeda. Zubeda yuko peke yake ndani. Mi ndiye nilipiga. Ungempa nani kamera?

Halafu akanipa kazi. Sifa inatembea yenyewe!

Kazi ya Madamu ni mazoezi ya kunyoosha watoto wenye miguu minyonge, kwenye kituo kimoja kule Kanyosha. Kila zoezi lipigwe foto, daktari aone mutoto anavyoendelea. Mikono ya Madamu inashika mutoto, haiwezi kushika kamera. Daktari anakuja Ijumaa.

Zubeda alizoea kusema: Chabani, unaongea sana. Tangu afariki nimepunguza. Hakuna anayesikia.

Jumanne, tarehe 16

Esanse ya magari hakuna, kwa hiyo bisi hazitembei. Nimetembea Jabe mpaka Kanyosha, kamera shingoni, pazia begani. Watu wote walinitazama. Bado wananijua!

Getini nakuta nani? Pierre! Yeye ndiye zamu wa kituo, mulinzi wa geti. Zamani nilimupiga foto ya harusi, na tangu siku ile anatangaza muji mzima kwamba nilimutoa kwenye foto macho yamefumba. Alifumba mwenyewe! Kamera haifungi mutu macho. Leo karudia mbele ya watoto: eti muzee, umekuja kuwalaza na hawa? Wakacheka. Ana katelefone kenye kioo kimepasuka, anajiona fundi.

Kisha Madamu akanipa masharti. La kwanza, nyuso za watoto zisionekane. Nilidhani ni muzaha. Apana, kasema, miguu tu, Baba Chabani, uso ni wa mutoto mwenyewe. La pili, niwapige wakitembea.

Miguu! Bila uso! Tena inayotembea! Maisha yangu yote nasema neno moja, usitikisike, na muji umetii. Wakubwa wa Kiriri, kule mulimani kwa matajiri, walishuka na magari yao, wakakaa kwa kiti changu, hawakutikisika. Nimejibu ndiyo, Madamu. Nitafanya ninavyojua.

Mutoto niliyepewa kumupiga foto ni Nella, miaka sita. Anatembea katikati ya nguzo mbili za mbao, kazishika kabisa. Mama yake, Chanelle, anauza ndagala, vile visamaki vidogo, sokoni Jabe, hawezi kuacha meza. Madamu alisema Nella haongei na wageni. Nella akaniuliza kwa nini ndevu zangu ni nyekundu. Nikasema hina. Akauliza kama zinachoma. Mutoto mwenye akili.

Jumatano, tarehe 17

Mupango mukubwa. Nimefika wa kwanza, nikatundika ziwa na bata nyuma ya nguzo. Nimemuvalisha Nella kofia ya studio. Kila alipoinua muguu, mi: usitikisike! Ana adabu yule. Alisimama kama nguzo ya tatu. Foto safi sana!

Madamu akasimamisha zoezi, akauliza mbona mutoto hatembei. Nikasema anatembea, ila kwanza amesimama. Akashika kichwa.

Akanieleza polepole, kama mi ndiye mwenye miaka sita. Nafasi ni chache, watoto wengine wanangoja. Ijumaa daktari akiona miguu ya Nella haijasogea, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nikasema basi daktari amutazame mwenyewe. Kasema Nella akimuona daktari anaganda, hata kidole hakichezi. Ndiyo maana ya foto.

Nimerudi kupitia sokoni. Chanelle akaniita nyuma ya ndagala zake: Baba, binti yangu anatembea? Nikasema, mama, uso wake ni mwezi. Kasema asante Baba, na miguu? Nikasema foto bado zinakauka.

Kamera yangu ni ya kadi. Hakuna kinachokauka. Ilinitoka tu.

Alhamisi, tarehe 18

Aibu! Madamu ametazama foto zangu zote. Uso, uso, uso, kofia, bata. Kuna goti moja, liliingia kwa bahati mbaya. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kasema kesho asubuhi ni zoezi la mwisho kabla daktari hajafika, na Pierre naye atasimama na telefone yake, nyuma ya mutoto, uso usionekane. Awe akiba.

Akiba! Zamu! Pierre kaniahidi mbele ya wote kwamba yeye hatamufumba mutu macho.

Nimeondoka bila kuaga. Nina heshima yangu. Nella akauliza kwa nyuma kama kesho naja. Nilipofika barabarani nikarudi kumuambia ndiyo.

Nyumbani nilitoa sahani mbili. Mazoea. Nikarudisha moja.

Lakini nimepata mupango. Pierre atakuwa nyuma ya Nella. Basi mi nitapiga magoti mbele, mwisho wa nguzo. Akipiga foto yoyote, mi niko ndani, imeharibika! Zitabaki zangu tu.

Ijumaa, tarehe 19

Nilipiga magoti mahali pangu. Pierre akasema muzee toka, unaziba. Nikasema kamera yangu inapenda hapa. Madamu akasema tuanze, Nella anachoka.

Nella akashika nguzo. Akanitazama. Si mi, ndevu. Nikafungua mudomo niseme usitikisike.

Akaachia nguzo. Zote mbili!

Nikabaki mudomo wazi. Muguu ukaja. Ukaja wa pili. Akayumba, Madamu akanyoosha mikono bila kumugusa, na muguu ukaja tena. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni. Nilifungua mikono yangu, asije akanivunjia lenzi. Akaniangukia, akashika ndevu kwa nguvu zake zote. Nilitoa machozi. Ndevu zikivutwa macho yanatoa maji, ulizeni daktari yeyote.

Foto yangu ya zoezi: moja. Mabati ya paa, kamera ilijibonyeza aliponiangukia.

Foto ya Pierre: visigino vya Nella, kimoja hewani, mikono yake mbali na nguzo, nywele kwa nyuma. Uso hauonekani, kama sharti lilivyotaka. Mbele yake muzee mudomo wazi.

Daktari alitazama sana. Nella anabaki! Madamu akamutumia Chanelle ile foto kwa telefone ya Pierre, naye akapiga simu na vigelegele, Pierre akasogeza telefone mbali na sikio.

Kisha Madamu akaniuliza kama natoa ruhusa uso wangu uonekane. Nikauliza uso gani. Kasema huo wako, Baba, ndio uso pekee ndani. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri mpaka getini, nikarudi kusema ndiyo.

Jumamosi, tarehe 20

Nimeitoa ile foto kwenye karatasi, niichunguze kwa macho ya fundi. Mbaya! Imelala upande. Muzee ana shati bila kifungo cha juu. Na tena, naona nini? Macho yamefumba! Pierre amenifumba macho kwa makusudi, kisasi cha harusi! Nitamutangaza muji mzima.

Na mutoto kosa lake ni lile lile, ametikisika.

Jumatatu narudi Kanyosha na pazia. Nella atakaa kwa kiti, kofia kichwani, mi nitapiga magoti vile vile, lakini na kifungo. Hakuna kutikisika. Tutaipiga tena, sawasawa.

Kwa sasa nimeitundika karibu na Zubeda, ili wateja waone foto mbaya inavyokuwa.

Nimefungua mulango, nimekaa. Wamechelewa kidogo.