Utafiti wa Mipaka

Jumatatu, 4 Agosti

Profesa Mazengo ametangaza: nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja. Tunaigombea mimi na Salwa. Mada ileile kwa wote, vyuo vikuu vinavyovuka mipaka ya nchi, na mfano wetu ni chuo cha ng'ambo kinachojenga tawi Mkonze. Alhamisi tunawasilisha. Salwa kauliza swali la kijinga, Profesa akamchekea. Mimi hajawahi kunichekea! Mpango: nimtangulie Mkonze, akifika akute watu wameshachoka kuhojiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Vumbi! Na tai nimevaa. Nikawatangazia wakazi kwamba nafanya utafiti wa mipaka. Mtaa mzima ukatoka. Wamenidhani mtu wa ardhi! Mama mmoja, Bi Mwamvua, kanivuta mkono hadi kwenye bikoni, jiwe la mpaka wa shamba lake la karanga. Bikoni iko ndani ya ukuta wa chuo. Ukuta umelimeza shamba, akasema, na machozi yakamtoka. Nikamweleza kwa upole kwamba mipaka yangu mimi ni ya kimataifa, ya kwake haimo kwenye hojaji. Akauliza basi mtu wa mipaka ya karibu atakuja lini.

Nimerudi na hojaji tupu. Salwa akaniuliza aanzie wapi. Nikamwelekeza moja kwa moja kwa Bi Mwamvua, apoteze siku nzima na habari za karanga. Nimecheka peke yangu hadi mbavu zikauma.

Jumatano, 6 Agosti

Leo mbinu ya siri. Nimeingia ofisi ya hicho chuo cha ng'ambo, Makole, nikajifanya naomba kujiunga. Nikamuuliza mkurugenzi, Bwana Abbasi, chuo chake kilianza lini kuvuka mipaka. Akafura! Akasema pale aliyevuka mipaka ni mimi, akamwita mlinzi. Mlinzi ni Obedi, nilisoma naye sekondari. Alikuwa ananiomba radhi huku ananisukuma. Nina hasira!

Alhamisi, 7 Agosti

Salwa kaonyesha picha moja tu: bikoni ndani ya ukuta. Kichwa cha wasilisho, "Chuo Kilichovuka Mipaka". Profesa akauliza mbinu aliyotumia. Eti alimwamkia mama shikamoo, akakaa barazani akimenya karanga na mwenye shamba hadi jioni. Hiyo nayo mbinu! Na Profesa akaiandika! Mkuu wa idara kaahidi kumtafutia mama wa watu mwanasheria. Nafasi kapewa Salwa.

Bi Mwamvua mwenyewe alikuwepo, kanga mpya. Akanishika mkono, akanishukuru, mwanangu, kwa kumtuma yule binti wa mipaka ya karibu. Hilo limeniuma kuliko hata ajira.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: hojaji ilikuwa fupi. Nimechapa nyingine, nene. Jumatatu naanza upya, Miyuji, kwenye tawi la chuo kingine. Na safari hii sitaki utata. Nikishuka tu nitawatangazia wote, kwa sauti, kwamba nimekuja kwa ajili ya mipaka.