Mama Nyamizi Asoma Chupa ya Dawa

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani. (Nguo za heshima. Suruali ninayo.)

Nawaandikia nyote watatu barua moja, maana sina nguvu ya kusimulia aibu hii mara tatu. Mnayajua maringo yangu tangu tuko chuoni. Leo yamekwisha. Na aliyeyamaliza ni mwanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, mama muuza samaki wa soko la Mwaloni, hapahapa Kirumba.

Asubuhi mke wangu alipanda basi la kwenda kuvuka ziwa pale Busisi. Mdogo wake amejifungua huko Sengerema. Koku wetu, ambaye sasa ana miaka mitatu, amebaki nami kwa sababu ana homa. Jana nesi wa zahanati alimwangalia, akasema ni sikio, akamchoma sindano, akatupa na chupa ya dawa ya maji ya kutuliza homa na maumivu.

Mke wangu alinieleza yote kuhusu dawa ile. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akataja kijiko gani, saa ngapi, mara ngapi. Mimi nilikuwa nakata kucha huku nawaza ugeni. Maana leo ndiyo siku ambayo Mratibu wa elimu ya watu wazima alikuwa anakuja kukagua darasa langu.

"Umenisikia, Baba Koku?"

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema nimpe dawa."

Akanitazama kama mtu anayepima kama safari iahirishwe. "Soma kibandiko," akasema, akakimbilia basi.

Nisome kibandiko! Mimi, ninayefundisha watu kusoma! (Sikukisoma.)

Ilipofika saa saba mchana Koku akaanza kulia huku ameshika sikio. Mwili unachoma. Nikachukua kijiko cha kulia wali, nikakijaza mpaka juu. Akameza kiasi, kingine akanitemea shatini. Shati jeupe, la ugeni. Dawa nyekundu. Nikawa kama mtu aliyetoka kuchinja. Lakini mtoto akalala, nami nikajipongeza. Kumbe kulea ni kazi rahisi hivi!

Saa tisa kasoro nikamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake, nikaenda darasani. Wanaume niliopishana nao njiani walinipa pole, wakidhani nimefiwa. Mfuko mmoja wa suruali una chupa, wa pili una kijiko. Mfuko wa shati una nusu ya kidonge cha aspirini, ninachotumia mwenyewe kichwa kikiniuma. Mpango wangu ulikuwa huu: homa ikileta ukaidi, nichanganye.

Sasa niwaeleze kuhusu lile darasa, maana dhambi sikuifanya leo tu. Wiki nzima niliwakaririsha ukurasa mmoja, ule wa kilimo cha pamba. Tuliusoma mpaka mbuzi wa jirani wangeweza kuuimba. Mbele niliwapanga wale wenye sauti. Mama Nyamizi, yule muuza samaki, nilimweka nyuma kabisa, mgongoni kwa fundi seremala mwenye mabega kama kabati. Mama huyu husoma kwa kidole, herufi moja moja, na akikosea anarudi mwanzo. Ni mtu mzima wa rika la mama yangu, namwamkia shikamoo kila siku. Lakini leo, Mungu anisamehe, nilitaka Mratibu asimwone.

Mratibu akaingia. Mtu mpole, miwani minene, viatu vya vumbi. Nikampa kitabu. "Ndugu Mratibu, leo tupo kwenye pamba."

Masanja, mmoja wa wale wenye sauti, akasimama kusoma. Akasoma vizuri ajabu! Bila kusita! Tatizo ni kwamba alifika mwisho wa ukurasa kabla hajafungua kitabu.

Mratibu akavua miwani, akaifuta. "Safi sana. Sasa tusome ukurasa unaofuata."

Masanja akakaa.

Mmoja akakohoa. Mwingine akakohoa kumsaidia. Darasa zima likapata kifua kwa ghafla.

Hapohapo Koku akaamka analia. Moyoni nikasema, asante Mungu! Nikamteremsha, nikamweka mezani. "Samahani, Ndugu Mratibu. Mtoto ana homa. Ni saa ya dawa." Nikatoa chupa. Nikatoa kijiko cha wali, nikakijaza. Nikatoa na ile nusu ya aspirini, nikaanza kuiponda kwa kitako cha chupa ili niitie humo humo kijikoni. Nilitaka Mratibu aone kuwa mwalimu wa leo ni mzazi wa kisasa.

Sauti ikatoka nyuma ya seremala.

"Mwalimu, subili."

Mama Nyamizi akaja mbele. Akafuta mikono kwenye khanga, mikono inayonuka sato wa kubanika, akaichukua chupa. Akaweka kidole kwenye kibandiko, palipoandikwa kwa mkono wa nesi.

"Ki-ji-ko... ki-do... ki-do-go..." Akakosea. Akarudi mwanzo. Hakuna aliyekohoa sasa. "Kijiko kidogo cha chai. Ki-mo-ja. Ki-la ba-a-da ya saa sita. Usi... usi-zi-di-she... mala nne kwa siku."

Akainua macho. Akakitazama kijiko changu. Akanitazama na mimi.

"Mwalimu, kwenu Bukoba hiki ndicho kijiko kidogo?"

Darasa likaanza kutetemeka.

"Ulimpa saa ngapi?"

"Saa saba."

Nikaomba kimoyomoyo asiwepo mwenye saa. Mratibu (msaliti!) akakunja mkono wa shati, akatazama. "Sasa ni saa tisa na nusu."

"Bado saa tatu na nusu!" Masanja akapiga kelele. Miezi saba hajawahi kupata hesabu yoyote ubaoni. Leo amepata.

"Na hicho kidonge?" Mama Nyamizi akauliza.

"Ni aspirini, mama. Nusu tu."

"Ya Koku?"

"Yangu."

"Ya mtu mzima."

"Ya mtu mzima."

Basi. Darasa likapasuka. Seremala alicheka akaegemea dawati, dawati likavunjika, na ni yeye mwenyewe aliyelitengeneza. Mratibu alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba, mabega yanaruka. Mimi nimesimama pale na shati langu la damu, kijiko hewani, sijui nikimwage au nikinywe.

Mama Nyamizi peke yake hakucheka. Alikichukua kile kijiko mkononi mwangu taratibu, akakimwaga dirishani. Kisha akasema, na kicheko kikakatika chenyewe:

"Mimi kitinda mimba wangu nilimpa dawa kwa kukisia. Chupa ilikuwa na maandishi, mimi sikuyajua. Alipoendelea kuchemka nikaongeza. Akachemka tena, nikaongeza tena. Alilala hospitali siku nyingi, tukidhani tumempoteza. Alipona. Siku ile tulipotoka nilisema nitaijua hii kitu inayoandikwa kwenye chupa. Pamba mimi silimi, mwalimu. Nilikuja hapa kwa ajili ya chupa."

Miezi saba, ndugu zangu. Anabanika samaki tangu alfajiri, anauza, anakuja darasani na moshi kwenye nguo. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza amefuata nini. Nilimwona mzito. Kumbe yeye ndiye pekee aliyekuwa anasoma. Wengine walikuwa wanaimba.

"Twende zahanati," akasema. "Kile cha kwanza kilikuwa kikubwa mno."

Hapo ndipo hofu ilinishika kweli. Nilimbeba Koku nikatoka mbio, Mama Nyamizi nyuma yangu, Mratibu nyuma yake, na darasa zima nyuma ya Mratibu. Kirumba yote ikatoka milangoni kuuliza nani amekamatwa.

Nesi alimpima Koku uzito, akamwangalia macho, akampapasa tumbo, akauliza kila kitu. Nilijibu kwa sauti ndogo. Mama Nyamizi alirudia kwa sauti kubwa.

"Kijiko cha wali ni sawa na vidogo vitatu," nesi akasema. "Shukuru kwamba alikutemea. Kwa mara moja hii hatadhurika. Ungerudia rudia hivyo mpaka kesho, ningekuwa naongea nawe lugha nyingine. Dawa hii ikizidi inaharibu ini, na mtoto haonyeshi mapema."

Kisha akaniketisha kwenye benchi la watoto, akanifundisha. Dawa ya mtoto inafuata uzito wake, haifuati woga wa baba. Kidonge cha mkubwa hakikatwi kwa kukisia. Usichanganye dawa mbili za homa bila kuuliza. Ukimpa, andika saa. Homa ikifika siku ya tatu, au mtoto akilegea, akikataa kunywa, akishikwa na degedege, mlete, usimwongezee kijiko. Kila alipomaliza sentensi, darasa langu pale dirishani liliitikia kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza sikuwakaririsha mimi.

Alituweka pale mpaka saa kumi na moja. Akasema leo nisimpe tena dawa ile, nimpe maji mara kwa mara na nimvalishe nguo nyepesi, kesho asubuhi nimrudishe. Akanipa kijiko kidogo cha kupimia, akanikabidhi mbele za watu kama cheti.

Koku yuko hapa sasa, anakula uji na kuimba "bado saa tatu na nusu." Amepoa. Mimi ndiye ninayechemka.

Tulipotoka zahanati nilimshukuru Mama Nyamizi. Nilitaka kusema maneno mengi, mnanijua, lakini nilisema asante mama tu. Akanipiga bega. "Nawe utajua tu, mwalimu. Usikate tamaa." Akaenda zake kuwafunika samaki wake.

Mratibu aliniachia daftari la ukaguzi. Nimelifungua nilipofika nyumbani. Ameandika mistari miwili: "Mama Nyamizi anasoma na kuelewa, apewe cheti chake. Mwalimu naye aandikishwe."

Msicheke, tafadhali. Mratibu ameshacheka kwa niaba ya mkoa mzima.