Ombi la Kuondolewa Kifaa Kinachopima Waume

Mheshimiwa Daktari Mkuu,

Kabla sijakuamkia, nakusihi ufunge mlango, na ukimaliza kusoma uichane barua hii vipande vidogo visivyoungika. Kila neno lililomo libaki kati yangu na wewe. Mimi ni karani wako wa masjala, kijana mwoga kwa kuzaliwa, na kazi hii ndiyo pekee niliyo nayo.

Shikamoo.

Naandika kuhusu kifaa kipya cha kupimia uzazi wa wanaume. Kwa kuwa soketi ya maabara imeungua, kimewekwa mezani kwangu, kati ya mihuri na chupa ya chai. Ni kidogo, mfano wa kile cha kupimia sukari. Dada wa maabara hudondosha tone la sampuli kwenye kijiti chenye nyaya nyembamba, umeme dhaifu hupita, na kadiri mbegu zilivyo nyingi au chache ndivyo namba inavyotokea kwenye kioo chake. Hakimuulizi mtu cheo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kifaa hakina adabu. Miaka yote, ndoa ikikosa mtoto, tulijua pa kuanzia: kwa mke. Alitolewa damu, akapigwa picha, akameza dawa chungu, na mumewe akamngoja kwenye benchi la korido akisoma gazeti kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Utaratibu huo haukuwahi kumsumbua mwanamume hata mmoja. Leo kijiti kisichozidi njiti ya kiberiti kinataka na yeye aulizwe.

2. Kinavuruga familia. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, amejitolea kumtafutia mke wangu kasoro, na kazi hiyo ameifanya bila likizo. Humwambia huku wakikunja nguo pamoja, "Mwanangu, mti usiozaa huupisha mwingine." Jumamosi hii mke wangu anarudishwa kwao. Sanduku lake limeshatolewa uvunguni. Mambo yamepangika vizuri kabisa, halafu atokee mtu dakika za mwisho na namba?

3. Kinawasukuma waheshimiwa kwenye hila. Mhasibu, fundi umeme na mkuu wa stoo walibanwa na wake zao wakapime. Kwa busara, walimwendea dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa wingi wa watoto tunamwita Baba Timu, wakamwomba awaazime sampuli. Karani mmoja wa masjala, nisiyependa kumtaja, naye alipanga foleni. Baba Timu hakuwa na hiyana. Aligawa kwenye vichupa akisema, "Chukueni, wadogo zangu, kisima hiki hakikauki."

4. Kifaa hakiheshimu hata kisima. Baba Timu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kitandani baada ya homa kali. Kikasoma namba ya chini kabisa kwa mhasibu. Kikasoma ileile kwa fundi, ileile kwa mkuu wa stoo, na ileile kwa yule karani. Dada wa maabara alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole, "Kaka zangu, nyinyi ni mapacha?" Tulipokiri kisima ni cha nani, akatueleza kwamba homa hupunguza mbegu kwa muda, mwenye nazo apone taratibu, na sisi wengine kila mmoja arudi na yake. Hakuna aliyerudi. Mhasibu amemwambia mkewe kwamba umeme ulikatika. Baba Timu, ingawa ameelezwa habari ya homa, siku hizi watoto wake wakikaa kula huwakagua pua, akizilinganisha na yake.

5. Tukikinyamazia, kitafuatwa na vingine. Kesho kitaletwa kifaa cha kupima nani hukoroma, keshokutwa cha kupima nani hufanya kazi akiwa kazini. Siku hiyo, Mheshimiwa, hospitali itabaki na wagonjwa peke yao.

Kwa hiyo naomba kifaa kirudishwe kilikotoka. Kama hilo ni gumu, basi kitumike kuwapimia wanawake. Hakitaona kitu, lakini wao wameshazoea.

Nisalimie madaktari wote, wauguzi, mlinzi wa geti, na mama wa usafi aliyenikuta nimekifunika kifaa hicho kwa taulo asiulize kitu.

Wako katika utii na kutetemeka,

Karani wa Masjala

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nikaifungua tena. Jana mke wangu aliweka gauni lake la mwisho sandukuni, akaniuliza bila kuinua sauti, "Na wewe, umepima?" Sikuwa na jibu langu. Nililokuwa nalo ni la dereva.

Naomba kifaa kisiondoke. Ijumaa asubuhi nitaleta sampuli yangu mwenyewe, nacho kisome kitakachosoma. Majibu yakitoka, tafadhali msipige simu nyumbani, mama ndiye hupokea. Wala msinitafute kwenye dirisha la masjala. Dada wa maabara atoke hadi benchi la korido, upande ule wanapokaa wake, aseme kwa sauti ya kawaida. Mke wangu atakuwa kando yangu. Atanitambua kirahisi: nitakuwa mwanamume pekee pale, na sitakuwa na gazeti.