Antena ya Mfuniko wa Sufuria

Jumatatu, tarehe 4
Nina miaka sabini na saba. Nimezika redio tano, mapaa mawili ya bati na daktari aliyeniambia sitafika sabini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini waya nazijua. Kila jioni mke wangu anakwenda kwa jirani yetu, fundi cherehani, kutazama mchezo wake wa kuigiza. Fundi ana dishi, analipia kila mwezi na kila mwezi anatutangazia. Mimi nabaki sebuleni na televisheni mpya, imenyamaza kama mgeni aliyenuna. Ijumaa ni sehemu ya mwisho. Nimemwambia mama watoto ataitazama hapa, ubavuni mwangu, bure. Akasema sawa, baba, ila Ijumaa haimngoji mtu.

Jumanne, tarehe 5
Hanga mbili za nguo, mti wa ufagio, waya wa redio iliyokufa. Nimepanda juu ya bati mwenyewe. Picha hakuna. Mkwe wangu, mke wa kijana wetu, anasema pengine televisheni inabidi iambiwe kwa rimoti itafute chaneli. Nimecheka mpaka nimekohoa. Mawimbi yanatoka angani, mama, si kwenye rimoti. Nimeifungia kabatini asije akaharibu mambo.
Fundi kapita, kauliza kama naanika nguo huko juu.

Jumatano, tarehe 6
Kosa limejulikana: antena ilielekea kwa fundi. Nimeigeuza. Hakuna kitu. Nimeigeuza tena. Nimeanguka, kidogo tu. Mke wangu kanichua kiuno, kaniuliza kwa nini nisiende naye kwa fundi, viti vipo. Nikamwambia afadhali nitazame ukuta wangu.
Akaenda. Ukuta nimeutazama.

Alhamisi, tarehe 7
Nimechukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikautoboa kwa msumari, nikaufunga nyuma ya hanga. Nikauliza kutoka juu, vipi huko? Mkwe akajibu picha imekuja, chaneli kumi na moja, ya mama imo. Nimeshuka kama kijana. Mkwe anadai alifungua kabati, akabonyeza pa kutafutia, zikaja zenyewe. Nimemwachia aamini hivyo. Bado mdogo.
Ni mfuniko.
Jioni mke wangu hakutoka. Kakaa kwenye kochi, bega lake kwenye bega langu. Habari za sufuria hakuuliza.

Ijumaa, tarehe 8
Tulianza vizuri. Binti wa kwenye mchezo kasimama mbele ya hakimu, anataka kumtaja baba yake mzazi. Picha safi, sikatai. Lakini mfuniko mmoja ukileta hivi, miwili je? Nikatoka. Mke wangu kaniomba nikae, mara tatu. Nilipokuwa nafunga wa pili, hanga moja ikang'oka na waya wake. Sebuleni kimya. Halafu mlango. Akapita chini ya ngazi bila kuinua macho, akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba anakwenda kwa fundi kumjua huyo baba.
Nimekaa peke yangu, nimefikiri, kosa nimelipata: mfuniko wa pili ulikuwa mdogo mno. Kesho natoboa sinia la wageni.
Anayedhani naongeza chumvi amuulize mkwe wangu, ndiye aliyeshika ngazi. Fundi asiulizwe. Ataanza kusimulia baba alikuwa nani.